Eluned wa Agosti: Miaka Thelathini na Sita kwenye Meza ya Barua

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, Bi. Eluned Prosser atafunga droo za meza yake katika Ofisi ya Ushauri ya Cwm Helyg na kukabidhi funguo, baada ya utumishi wa miaka thelathini na sita, miezi tisa, majuma matatu na siku moja. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Sisi tulikuwa tumeandika "miaka thelathini na saba" kwenye kadi ya kumuaga, akaturudishia kadi tukairekebishe.

Kwa haki angeondoka mwezi Juni, alipotimiza miaka sitini na sita. Keki ilikuwa imeshaagizwa. Alichokataa ni tarehe, si keki.

"Nani anastaafu Juni?" alituuliza. "Mmewahi kuona mfugaji anaondoka zizini siku ya kukata kondoo manyoya?"

Keki tukaila naye, kisha akarudi mezani kwake kusubiri msimu. Wageni wa bonde letu hudhani msimu ni wa mvua au wa raga. Kwa Bi. Eluned msimu ni mmoja: majuma yale ambayo watoto wanamaliza shule na barua zinaanza kuingia majumbani. Tarehe 31 Agosti posho ya serikali kwa kila mtoto aliyekwisha kufikisha miaka kumi na sita husimama, isipokuwa mzazi awe ametoa taarifa kwamba mtoto anaendelea na masomo. Na posho ya mtoto ni uzi wa kwanza tu. Ukivutwa, nyuzi nyingine hufuata: msaada wa kila mwezi, kodi ya halmashauri, hata msaada wa chumba anacholala mtoto. Mtoto anatupa kofia juu kwa furaha, na mama yake anabaki jikoni ameshika bahasha ya rangi ya kaki.

Ndiyo sababu Bi. Eluned hajawahi kuchukua likizo mwezi wa Agosti tangu aajiriwe. Na ndiyo asili ya jina lake. Bonde hili lina akina Eluned Prosser watatu, na watu wetu hawapendi kuchanganyikiwa. Yuko Eluned wa Maziwa, yuko Eluned wa Kinanda anayepiga pale kanisani, na yuko wetu sisi, Eluned wa Agosti.

Alizaliwa hapahapa, nyumba ya nne kutoka juu katika Mtaa wa Kilima, mwaka 1959. Watoto walikuwa wawili tu, yeye na mdogo wake Nest. Alipofika miaka kumi na sita, kiangazi cha mwaka 1975, aliacha shule akaenda kushona nguo za kulalia kiwandani. Nyumbani walifurahi. Baba yao alikuwa mgonjwa wa mapafu, na mshahara wowote ulikuwa habari njema.

Jumanne iliyofuata mama yao alikwenda posta na kitabu chake cha posho, kama alivyofanya kila Jumanne. Karani alikiangalia, akakirudisha juu ya kaunta.

"Hiki kimekwisha, mama."

"Kimekwishaje? Nest ana miaka kumi na miwili."

"Ndiyo, lakini amebaki peke yake. Mkubwa akitoka, mdogo anahesabiwa wa kwanza. Na wa kwanza halipiwi."

Ndivyo sheria ya siku zile ilivyokuwa: posho ilianzia kwa mtoto wa pili. Bi. Eluned aliacha shule yeye, na posho iliyokatika ikawa ile iliyokuwa ikitoka kwa ajili ya mdogo wake. Mama yao alirudi nyumbani bila viatu vya shule alivyokuwa amemwahidi Nest. Hakumlaumu mtu. Alisema neno moja tu, nalo Bi. Eluned hulirudia mpaka leo kwa kila mfanyakazi mpya: "Laiti mtu angeniambia mapema, ningejipanga."

Alishona nguo za kulalia kwa miaka kumi na mitatu. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1988, wanawake tisini walipewa barua za kuachishwa kazi siku moja. Bi. Eluned alikuja katika ofisi hii kuulizia ya kwake. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, akaanza kuwasomea barua wale waliosahau miwani. Siku ya pili akarudi, na ya tatu. Siku ya nne msimamizi wa wakati huo alimwambia kwamba kama hataki kwenda kwao, basi heri alipwe. Akaajiriwa Jumatatu, tarehe 9 Januari 1989, asubuhi mbili kwa juma, kazi yake ikiwa kuchemsha chai na kufungua barua. Chai yake, tuseme ukweli, haijawahi kuwa nzuri. Barua ndizo zilizombakiza.

Hakusoma chuo kikuu. Alisoma sheria za misaada jioni, kwa miaka minne, kitabu kikiwa kimeegemezwa kwenye chupa ya siki mezani. Mwaka 1993 akawa mshauri kamili, na kabla ya miaka kumi kwisha washauri wa mabonde ya jirani walikuwa wakimpigia simu yeye kila walipokwama.

Msimfikirie kuwa hakukosea. Alikosea, na anataka liandikwe. Mwaka 1997 alimwambia Bwana Idris Tanner, mzee mjane wa Mtaa wa Kapela, kwamba binti yake akimaliza shule na kuanza kazi kwa mwoka mikate, msaada wa kodi ya nyumba hautabadilika. Ukabadilika. Binti alikwisha kutimiza miaka kumi na minane na alikuwa anapata mshahara, kwa hiyo alihesabiwa kama mtu mzima anayepaswa kuchangia, na msaada ukapungua. Bi. Eluned alipogundua kosa hilo ilikuwa Jumamosi na mvua inanyesha kwa hasira. Hakungoja Jumatatu. Alipanda kilima kwa miguu, akagonga mlango, na pale mlangoni, maji yanamchuruzika, akasema kwamba kosa ni lake na amekuja kulibeba.

Bwana Tanner alimtazama kwanza yeye, kisha zulia.

"Bi. Prosser," akamwambia, "unaniomba radhi au unanioshea sakafu? Ingia ndani."

Wakaketi wakapanga upya matumizi ya nyumba ile, binti naye akiwapo. Tangu siku hiyo Bi. Eluned hajawahi kujibu swali la mteja kwa kichwa. Hata kanuni anayoijua kama jina lake, huifungua kitabuni akaisoma mbele ya mteja kwa kidole. Na maswali yake ya kwanza ni matatu, daima kwa mpangilio uleule: nani anaishi nyumbani, ana miaka mingapi, anafanya nini.

Jambo analojivunia zaidi, ingawa hatakiri, ni karatasi moja ya kuwaonya wazazi mapema. Mwaka 2003 alimwendea mwalimu mkuu wa sekondari yetu akaomba dakika kumi katika mkutano wa wazazi. Mwalimu mkuu alikataa kwa adabu. Alisema wazazi wanakuja kusikia alama, si posho.

"Sawa," akasema Bi. Eluned. "Basi nipe meza ndogo karibu na birika la chai."

Hilo likaonekana halina madhara, akapewa. Kila mzazi wa bonde hili akifika mkutanoni huenda kwanza kwenye chai. Baada ya nusu saa foleni ya birika ilikuwa ndefu kuliko ya mwalimu wa hesabu, na hakuna aliyekuwa na kikombe mkononi. Wote walishika karatasi moja, yenye kichwa cha maneno kilichopigwa kwa herufi kubwa: MTOTO AMEMALIZA. NYUMBA JE? Mwaka uliofuata jina lake lilikuwa kwenye ratiba rasmi. Leo karatasi hiyo inatolewa katika mabonde manne, imesahihishwa mara ishirini na mbili kila sheria zilipobadilika, na bado ni ukurasa mmoja. Amekataa katakata iwe miwili. Anasema mtu mwenye hofu hageuzi ukurasa.

Lakini wasifu wa mtu haukai kwenye karatasi. Unakaa kwa watu. Kwa hiyo tumemwomba Bi. Menna Gwilym ruhusa ya kusimulia lililotokea nyumbani kwake, naye ametukubalia. Amezisoma aya zifuatazo na kusahihisha mbili.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 10 Julai 2019. Bi. Menna, anayehudumia wazee majumbani mwao, aliingia ofisini akiwa bado na aproni ya kazi. Alikuwa analea peke yake mabinti wawili: Lowri, miaka kumi na saba, aliyemaliza mwaka wa kwanza wa masomo ya juu ya sekondari, na Mabli, miaka kumi. Hakuketi mpaka alipoambiwa mara ya pili.

"Anti Eluned, nina swali moja tu," akasema. "Huyu mkubwa asiporudi shule Septemba, mimi nabaki na nini?"

"Nani kasema harudi?"

Bi. Menna akatoa barua kwenye mkoba, imekunjwa mara nne. Ilitoka kwa kampuni moja ya kutengeneza lifti, iliyokuwa ikimpa Lowri nafasi ya uanagenzi wa miaka minne, pamoja na mshahara. Nafasi moja, waombaji mia na kumi na wanane. Jibu lilitakiwa kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

"Hii ina jina la Lowri," Bi. Eluned akasema.

"Najua ina jina la nani. Mimi ndiye niliyempa."

"Ameiona?"

Bi. Menna akatikisa kichwa. Barua ilikuwa imeingia tarehe mbili. Aliitambua kwa nembo ya kwenye bahasha, akaifungua, akaisoma, akaiweka mkobani, na kwa siku nane alikuwa akimsikia binti yake anakimbilia mlangoni kila tarishi alipopita. Lowri alikwisha kuanza kusema kwamba huenda hawakumtaka. Na mama yake alikuwa amemjibu, "Basi rudi shule, mwanangu, mwaka mmoja si mwingi."

Sisi tuliokuwa meza za jirani tulijua nini kinaweza kufanyika na nini hakiwezi. Kinachosemwa na mteja mezani hapa hakitoki mlangoni. Bi. Eluned asingeweza kumpigia simu Lowri, wala kumtumia mtu. Barua ilikuwa ya binti, siri ilikuwa ya mama, na saa ilikuwa inakwenda. Hakumkaripia. Aliinuka akamletea chai yake ile mbaya, akachukua karatasi tupu akaigawa kwa mstari katikati.

"Niambie unachokiogopa," akasema. "Kimoja kimoja. Usiruke hata kidogo."

Bi. Menna aliogopa mengi, na mengine aliyasikia kwa majirani. Aliogopa kwamba mshahara wa Lowri utakatwa kwenye msaada wake yeye.

"Mshahara wa Lowri ni wa Lowri. Hawaugusi."

"Na kodi ya nyumba? Yule wa namba tisa walimpunguzia."

"Yule wa namba tisa kijana wake ana miaka ishirini na sita. Wa kwako, kwa malipo unayopata wewe, hawatakukata kwa ajili yake mpaka atimize ishirini na mmoja. Soma hapa, kwenye kidole changu."

"Na chumba chake? Hawatasema kimezidi, wanikate?"

"Kinabaki chake."

"Akitimiza kumi na minane Oktoba, nitapoteza lile punguzo la robo kwenye kodi ya halmashauri. Tutakuwa watu wazima wawili."

"Mwanagenzi mwenye mshahara mdogo kama huu hahesabiwi. Kuna fomu. Usipoijaza watakuhesabia, ukiijaza wanakuacha. Nitaijaza mimi, wewe utie sahihi."

Upande wa pili wa mstari aliandika yale yatakayokwenda kweli, wala hakuyapunguza ili kumfurahisha. Posho ya Lowri itakwisha. Sehemu ya Lowri katika msaada wa mwezi itakwisha. Akafika kwa Mabli, kalamu ikasimama.

"Mabli vipi?" Bi. Menna akauliza haraka. "Naye watamkata?"

"Hapana," Bi. Eluned akasema. "Mabli anapanda. Anashika nafasi ya mkubwa, na mkubwa hulipwa zaidi. Kwa hiyo unachopoteza ni kile kiwango kidogo, cha mtoto wa pili."

Kisha akamsimulia kuhusu Nest na kitabu cha posta. Sisi wenzake tulikuwa tunafanya naye kazi kwa miaka mingi, na ndiyo mara ya kwanza tulimsikia akimsimulia mteja habari hiyo. Jumla ya upande ule ilikuwa pauni mia mbili tisini na moja kwa mwezi. Mshahara wa Lowri, kwa kuanzia, ulikuwa karibu mia sita na arobaini.

Bi. Menna aliisoma karatasi mpaka chini. Hofu ya nyumba ilikuwa imemtoka, na nyuma yake ilikuwa imebaki nyingine, iliyokuwa kubwa zaidi.

"Sasa nitamwambiaje kwamba nimekaa na barua yake siku nane?"

"Hilo halimo kwenye vitabu vyangu, Menna."

"Basi uje nyumbani kesho, nikimwambia."

"Nikija nitakaa kimya. Ni neno lenu."

"Wewe? Ukae kimya?" Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu aingie, Bi. Menna alicheka.

Alhamisi saa kumi na mbili jioni Bi. Eluned alikuwa jikoni kwa akina Gwilym, mbele ya sahani ya maharage juu ya mkate uliochomwa. Mabli alikuwa anamwonyesha jino lililolegea. Lowri aliingia, akaona mgeni, akaona uso wa mama yake, akabaki amesimama. Bi. Menna alitoa barua akaiweka mezani.

Lowri aliisoma mara mbili.

"Iliingia lini?"

"Tarehe mbili."

"Leo ni kumi na moja."

"Naweza kuhesabu, Lowri."

"Kila siku nakimbilia ule mlango. Kila siku unaniona." Sauti yake ilikuwa ndogo, na Bi. Menna anasema ingekuwa afadhali angepiga kelele. "Ulitaka nibaki shule ili upate hela yangu?"

"Nilitaka tusihame nyumba hii," mama yake akasema. "Nilifikiri tutahama. Nilikosea kuficha, na nilikosea hesabu pia. Samahani, mwanangu."

Lowri alitoka akaketi kwenye ngazi za uani. Alikaa robo saa. Bi. Menna aliinuka mara mbili kumfuata, na mara mbili Bi. Eluned alimgusa mkono, bila neno, naye akaketi tena. Maharage yakapoa. Mabli peke yake ndiye aliyemaliza sahani yake, kisha akaanza ya dada yake.

Lowri aliporudi macho yalikuwa mekundu. Hakusema amesamehe. Alivuta kiti.

"Anti, una karatasi. Wewe huendi mahali bila karatasi."

Akapewa. Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akauliza maswali mawili, yote mazuri. Kisha akaweka kidole pale chini, kwenye mia mbili tisini na moja.

"Hii nitailipa mimi kila mwezi."

"Hulipi hata senti," mama yake akasema. "Mimi sijaweka mpangaji."

"Basi mia mbili na hamsini."

"Mia. Na unajilipia nauli na buti zako."

"Mia mbili na ishirini, na buti nanunua."

"Mia na hamsini, na usinipandishie sauti nyumbani kwangu."

Bi. Eluned anasema katika miaka yake yote hajawahi kuona biashara kama ile, mnunuzi anapandisha na muuzaji anashusha. Alivumilia mpaka mia na sabini, kisha ahadi yake ya kukaa kimya ikamshinda.

"Mia na themanini," akasema, "na mmoja wenu aniondolee huyu mtoto, amefika kwenye sahani yangu."

Ikawa mia na themanini. Bi. Menna alikubali pia kuongeza zamu moja kwa juma, ile ya Jumamosi, ambayo alikuwa akiikataa kwa sababu hakuna wa kukaa na Mabli. Lowri akasema Jumamosi atakaa naye yeye.

Asubuhi ya Ijumaa Lowri alipiga simu ya kampuni saa mbili na dakika tano. Haikupokelewa. Akapiga saa mbili unusu, ikapokelewa na mashine iliyomla salio akisubiri. Saa tatu ofisi yetu ilipofunguliwa alikuwa mlangoni na mama yake, wameshikana mikono kama wanavuka barabara, kwa sababu salio la simu lilikuwa limekwisha. Bi. Eluned akawasogezea simu ya mezani. Ilipokelewa saa nne kasoro dakika kumi. Lowri alisema jina lake, akasikiliza, akasema "ndiyo" mara tatu na "asante" mara nne. Alipoweka simu chini aliinamisha kichwa mezani akalia, na mama yake akamlalia mgongoni. Mwandishi wa wasifu huu alikuwa anamhudumia mteja kwenye meza ya jirani, naye hana aibu kusema kwamba alilazimika kwenda kutafuta faili ambalo halikuwapo.

Barua za mabadiliko ziliingia Septemba, moja baada ya moja, na kila moja ililingana na karatasi. Bi. Menna anasema alizifungua amesimama, na maji ya chai yakiendelea kuchemka. Fomu ya kodi ya halmashauri ilipelekwa Oktoba, juma lile Lowri alipotimiza miaka kumi na minane, na punguzo likabaki. Mwaka wa kwanza haukuwa mwepesi. Lowri na mama yake waligombana Krismasi kuhusu barua ileile, wakapatana, wakagombana tena kwa uchache zaidi. Mwaka 2023 alihitimu, msichana wa kwanza kutoka bonde hili kuwa fundi wa lifti. Sasa anatunza lifti kumi na moja katika hospitali moja ya mjini, zile zinazobeba wagonjwa kwenda vyumba vya upasuaji, na zamu yake ikifika hakuna anayekwama.

Tulipompigia kumwomba neno moja la kuweka hapa, alifikiri kidogo, akasema: "Anti Eluned hakunisaidia mimi. Alimsaidia mama asiogope. Mengine yalifuata."

Zipo nyumba nyingine nyingi, na nyingi hazikuisha vizuri hivyo. Wapo waliokuja baada ya tarehe kupita, na wapo ambao hesabu zao zilikuwa ngumu hata zilipohesabiwa sawasawa. Bi. Eluned hakuwahi kumwambia mtu kwamba mambo yatakuwa mazuri pale ambapo hayatakuwa. Alimwambia yatakuwaje, na lini, na nini kinaweza kufanyika kabla. Watu walitoka mlangoni mwetu wakiwa maskini vilevile walivyoingia, lakini wakitembea wima.

Kuhusu mapumziko yake hatuna wasiwasi. Ana bustani ya vitunguu maji ambayo imemsubiri kwa miaka. Ana Nest, ambaye sasa ni nyanya wa watoto watano na anaishi nyumba ya jirani. Ametuagiza tusimpe mteja yeyote namba ya simu yake ya nyumbani. Jumanne iliyopita tuligundua ameshaigawa mwenyewe kwa watu kumi na mmoja.

Tunamaliza kwa jambo lililotokea Juni, ambalo yeye angependa tulinyamazie. Barua ya pensheni yake ilifika. Aliisoma nyumbani mara tatu, akaona haielewi. Asubuhi yake, siku aliyokuwa amechukua ruhusa, mlango ulipofunguliwa tulimwona amesimama kwenye foleni kama raia yeyote, na koti la mvua, na bahasha ya kaki mkononi. Tukamwambia apite ndani. Akakataa. Alivuta kikaratasi cha namba, akapata kumi na saba, akaketi.

Jirani yake kwenye benchi alikuwa baba mmoja aliyekuwa na barua kuhusu kijana wake anayemaliza chuo. Alimwona, akamuuliza kidogo tu. Kisha mwingine akasogea. Tulipoita namba kumi na saba alikuwa amekwisha kuwahudumia wanne, na foleni yetu ya asubuhi ilikuwa imekwisha. Ndipo alipokuja mezani, akaketi upande ambao hajawahi kuukalia tangu 1988, akasukuma bahasha mbele.

"Nisomee," akasema. "Na usijibu kwa kichwa. Fungua kitabu."

Tukafungua kitabu. Tukamsomea kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka akaelewa.

Bi. Eluned, hivyo ndivyo ulivyotufundisha, na hivyo ndivyo tutakavyoendelea. Kwa niaba ya wenzako, na ya kila nyumba ya bonde hili iliyopokea barua ngumu ikiwa tayari imejipanga, tunasema asante. Mungu akupe siku nyingi, vitunguu vinene, na tarishi mwenye habari njema.

Gethin Rosser
Mshauri, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Ofisi ya Ushauri ya Cwm Helyg